Gari Lililojengwa Kati ya Misiba

Tulipotoka kumzika fundi Ishengoma kule Kaagya mwezi uliopita, nilimwomba mpwa wangu aliyekuwa akiendesha asimame kwenye kituo cha mafuta hapa Bukoba ninunue maji ya kunywa. Kando ya pampu palikuwa na gari dogo la zamani, lenye milango miwili ya pembeni na mmoja wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Lilikuwa limeshushwa hadi linakaribia kulamba lami, na kwenye ekzosi yake ungeweza kuingiza ngumi. Vijana waliolizunguka walikuwa wakibishana kuhusu springi. Mimi ni mtu wa kiherehere, uzee haujanitibu, basi nikainama dirishani nikatazama kiti cha dereva. Kilikuwa na mikanda miwili ya kupita mabegani, nami nikawaambia imeshonwa vibaya, kwamba mshono mmoja wa kwenda moja kwa moja hufumuka ukivutwa kwa nguvu, na mkanda wa dereva wa mbio hushonwa mraba wenye msalaba ndani yake. Wakacheka. Mmoja akauliza, "Bibi, na wewe ulikuwa mtu wa mbio?" Nikamjibu nilikuwa fundi cherehani. Wakacheka zaidi, nami nikanunua maji yangu nikarudi garini. Sikuwakasirikia. Nilikuwa na huzuni tu, kwa sababu Ishengoma alipoondoka nilibaki peke yangu ninayejua jinsi gari kama lile lilivyotengenezwa Kaagya, na kwa nini lilichukua muda mrefu namna ile.

Mwaka wenyewe sitautaja kwa tarakimu. Watu wa rika langu huku Kagera hatuhesabu hivyo. Ulikuwa baada ya vita, daraja la Kyaka likiwa limekwisha kurudishwa na watu wameacha kuonyeshana matundu ya risasi ukutani, na ulikuwa kabla ya dawa za ugonjwa uliofuata. Ujana wangu wote ulikaa hapo katikati, na siku hizi nikimsikia mtu anasema ujana ni moshi, ukienda haurudi, huwa nainamisha kichwa na kuendelea na kazi yangu. Nilikuwa nimepanga baraza la mbele la nyumba ya Novati, cherehani yangu ikikaa kati ya mlango na dirisha. Nikigeuka kushoto niliona barabara na wateja, nikigeuka kulia niliona ukumbi mrefu wenye giza, na mwisho wake mlango wa uani uliokuwa wazi kila wakati, na huko nje, chini ya banda la mabati machakavu, lilikuwapo lile gari. Lilikuwa Golf nyekundu. Mhandisi wa kigeni aliyekuja kwa ajili ya barabara alilipindua upande wa Kyaka, akatoka bila mkwaruzo, akarudi kwao akaliacha. Paa lilikuwa limebonyea hadi kwenye usukani. Novati, ambaye wakati wa vita aliendesha lori la chakula cha askari na baada ya vita akawa mchuuzi wa kuvuka mpaka wa Mutukula na vitambaa, alilivuta hadi nyumbani na watu wakasema amepata banda la kuku la chuma.

Kwenye droo ya gari lile alikuta gazeti la Kizungu lililolowa maji. Ndani yake mlikuwa na picha za watu na magari kama lake, ya zamani, yaliyokombwa ndani yote na kutiwa mabomba ya chuma, wakiyaendesha siku za mapumziko katika barabara ya duara isiyokwenda popote. Alimpelekea Ishengoma azione. Ishengoma alikuwa fundi wa magari, mtu mzima, mzee wa kanisa la Kilutheri, na alikuwa na tabia ya kuimba sauti ya besi ya nyimbo za kanisani peke yake, bila sauti nyingine, hata usijue ni wimbo gani. Alizitazama picha kwa muda mrefu. "Wanakwenda wapi?" akauliza. "Hawaendi popote, Ta," Novati akajibu, akimwita baba kwa Kihaya. "Wanazunguka." "Halafu?" "Halafu wanarudi nyumbani." Ishengoma akafikiri, akamrudishia gazeti. "Basi ni kama kwaya," akasema, na kesho yake akaja na spana zake.

Novati hakuwa amebuni ndoto hewani. Kule Kimwani, Wilaya ya Muleba, nchi ni tambarare, na wajenzi wa barabara walikuwa wameacha uwanja mpana wa murram, ile changarawe nyekundu ya barabara, uliozungukwa na njia ya malori yao. Madereva wa Muleba na Bukoba walikuwa wamezoea kukutana pale siku za sikukuu na kuzunguka mmoja mmoja, mzee fulani akishika saa. Hapakuwa na zawadi zaidi ya kutajwa. Upande wa mbali palikuwa na kona iliyopinda ghafla kwenye kichuguu kikubwa, na hapo kila dereva aliinua mguu kutoka kwenye mafuta. Ukisimama uwanjani ulisikia sauti ya injini ikishuka, kisha ikipanda tena. Novati aliwahi kuzunguka na pikapu yake ya biashara, akainua mguu kama wenzake, na jambo hilo likamkaa moyoni kama mwiba wa samaki. Alitaka gari jepesi, fupi, linaloshika ardhi, apite kichuguu kile mara moja maishani bila kuinua mguu. Alitaka akipite yeye mwenyewe. Maneno hayo ya mwisho mwanzoni hatukuyatilia maanani.

Walianza kwa kukomba. Zulia lilitoka, kiti cha nyuma kikatoka, kipasha joto kikatoka, na Ma Edissa, mjane wa kibanja cha chini, akakichukua kiti kile akakiweka sebuleni kwake kikawa kiti cha wageni. Injini ilishushwa kwa kamba na gogo. Ule mfumo wake wa kuingizia petroli ulikuwa umekufa na Ishengoma hakutaka kuusikia, akaunda njia ya kufunga kabureta mbili za pikapu mahali pake. Uso wa silindahedi ulipelekwa mjini kuchongwa ili mgandamizo uongezeke, na springi za mbele zikabadilishwa kwa ngumu zaidi kutoka gari kubwa. Kiti cha dereva nilipewa mimi. Nilikitengeneza kwa magunia ya kahawa, nikakijaza zile nyasi tunazotandika sakafuni, nikakiacha barazani kikauke. Kuku wangu akaona nimemjengea. Alitaga, akaatamia, na Ishengoma akakataa katakata asibughudhiwe, akisema mama anayelea hafukuzwi kwa ajili ya mwanaume anayetaka kuzunguka. Basi gari likasubiri vifaranga. Novati alipita kila asubuhi kumuuliza yule kuku amefikia wapi, na nikikumbuka alivyokuwa akiinama kumuuliza, kwa adabu, mikono nyuma, bado nacheka peke yangu jikoni.

Kabla ya kuwa jina la ugonjwa, Juliana lilikuwa jina la kitambaa. Wachuuzi wa mpakani walikileta kutoka Uganda, wasichana wakakigombania, nami nilikishona mpaka vidole vikauma. Kisha wale waliokileta wakaanza kukonda, na wake zao, na watu wakauita ugonjwa kwa jina la nguo. Barazani pangu nilisikia yote. Wateja wakingoja hushusha sauti, lakini fundi cherehani hana masikio machoni pa watu, ni kama meza. "Yule wa Kanyigo naye imemwanza." "Nani, yule mrefu?" "Alikuwa mrefu. Sasa amekuwa mrefu zaidi." Mimi ndiye niliyejua kwanza, kabla ya daktari na pengine kabla ya mke, kwa sababu waliniletea nguo nipunguze kiuno, kila mmoja na sababu yake. Huyu amechoshwa na safari, yule suruali ilikuwa ya kaka yake. Nilipunguza na kukubali sababu. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kweli mwaka ule, kukubali sababu za watu.

Novati aliniletea suruali yake ya kaki wakati vifaranga vimekwisha kutoka kwenye kiti. "Ulinishonea ukimfikiria mwanaume mwingine," akasema. Nikamjibu, "Nilikufikiria wewe ukiwa unakula." Tukacheka. Mara ya pili aliiweka juu ya cherehani bila neno, nami nikaichukua bila neno, na nilipoipima nilikuta ule upana nilioukunja mara ya kwanza hautoshi hata nusu. Nilimpenda Novati. Nasema wazi kwa sababu wakati ule hapakuwa na mtu wa kumwambia. Nilipenda anavyotafuna kahawa upande mmoja wa mdomo akifikiri, na anavyolisemesha gari kwa Kihaya na kulitukana kwa Kiswahili. Siku moja alikaa kizingitini, jua la asubuhi likimpiga magotini, nikauweka mkono wangu juu ya wake. Akautoa taratibu, kama mtu anayetoa sindano kwenye kitambaa. "Koku," akasema, "mimi nimebeba kile kitambaa miaka yote ile, na nilikolala nilikolala. Usiniombe kitu." Nikamwambia sijamwomba kitu. "Unaniomba kila ukiniangalia," akasema. Nilikasirika kwa majuma. Nilimwona ana kiburi. Nimekuja kuolewa baadaye, nimezaa, nina wajukuu wanaonisumbua, na yote hayo ni kwa sababu alikataa, na hakuna siku niliyowahi kumshukuru akasikia.

Tangu siku hiyo sote watatu tulijua gari linakimbizana na nini, ingawa hakuna aliyetamka. Tulikuwa na kiangazi, njia ya Kimwani ingekuwa kavu, na Novati bado alikuwa na nguvu za kukanyaga klachi. Kilichotushinda kilikuwa ukimya. Kwetu, mtu akifa kijijini, majembe hulala. Orufu ikiingia kwa jirani, yaani msiba, ni yako pia. Hakuna anayelima, hakuna anayetwanga, hakuna anayegonga chochote mpaka matanga yaishe. Zamani ilikuwa heshima nyepesi, watu walikufa mmoja mmoja na ardhi ikapumzika kidogo. Mwaka ule matanga ya mmoja yalikuwa hayajaisha mayowe yakaanza nyumba nyingine. Ishengoma alikuwa akiyasikia anaishusha nyundo hata kama tayari ipo hewani, anaivuta pumzi yake, anaiweka nyundo ndani ya ndoo na kuvaa koti aende kuzika. Tulibaki na kazi za kimya. Alisaga vali akiwa amezipakata kama mtoto, anazizungusha kwa kiganja, ile sauti ya mchanga laini ikisikika mpaka barazani. Novati alisafisha kabureta kwa unyoya wa kuku. Mimi niliiacha cherehani nikashona mikanda kwa mkono, kwa turubai la jeshi ambalo Novati alirudi nalo kutoka vitani, mraba na msalaba, mraba na msalaba. Nilitoboa tundu za kukazia, na kila tulipojaribu nikatoboa nyingine ndani zaidi.

Mwishowe kazi za kimya zikatuishia. Lililobaki lilikuwa paa, na paa lililobonyea halinyooshwi kwa unyoya. Bila paa mabomba ya kumlinda dereva yasingeingia, na bila mabomba yule mzee wa saa wa Kimwani asingemruhusu. Siku tulizoruhusiwa kugonga zilikuwa chache, kipande cha asubuhi hapa na pale, kisha mayowe. Nikamwambia Novati tulivute gari mjini, Bukoba wanagonga kila siku, nani anajua jirani yake kafa. Alikuwa anakula, ndizi za kupikwa na maharage, au tuseme alikuwa anazitazama. "Twende mjini tukagonge," akasema, "kwa sababu huku watu wanalia?" Nikamwambia ndiyo, sioni aibu kusema. "Koku, nisipomnyamazia mwenzangu, nikifa mimi nani atanyamaza?" Ishengoma alikuwa amekaa na sahani yake akajifanya hasikii. Nilichukua sahani zao nikaenda kuziosha, nikaziosha kwa hasira hadi moja ikapasuka.

Kisha akafa binti wa mwisho wa Ma Edissa. Yule mama alikuwa amekwisha kuwazika wengine, na huyu ndiye aliyekuwa akimtekea maji. Tulizika, tukarudi, tukakaa uani na gari letu bila kulitazama, kwa kuwa msiba ulikuwa wa jirani wa karibu kabisa na hapakuwa na swali. Siku iliyofuata, jua likiwa limepanda, tukamwona Ma Edissa anapita katikati ya migomba anakuja, kamba ya mgomba ya wafiwa ikiwa kiunoni, miguu mitupu. Tukasimama. Mfiwa hatoki nyumbani namna ile. Akaketi juu ya tairi la zamani akamtazama Ishengoma.

"Mbona hugongi?"

"Waitu, Ma Edissa," akajibu kwa heshima, "tuko matangani."

"Matanga ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Basi mimi nasema gonga. Nikiamka nasikia kimya, najua kuna mwingine. Nikilala kimya. Ndege tu. Kimya hiki kitanimaliza kabla ya huo ugonjwa wenu. Nataka nisikie kuna mtu anatengeneza kitu."

Ishengoma akasema hawezi, yeye ni mzee wa kanisa, watamwonaje. Ma Edissa akainuka, akaenda kwenye ndoo, akaitoa nyundo, na kwa mikono miwili akalipiga lile paa. Hakuwa na nguvu na alipiga mahali pasipohitajika; alama ile haikutoka kamwe. Akapiga tena, na tena, bila kulia, uso wake mkavu kabisa. Novati ndiye aliyelia. Alikaa chini palepale kwenye majani akafunika uso. Ishengoma akaichukua nyundo kutoka mikononi mwa yule mama, kwa upole, akapanda juu ya boksi, akaanza kugonga kwa utaratibu wake kutoka katikati kwenda pembeni, na Ma Edissa akarudi kwenye tairi akasikiliza hadi mchana. Nilimletea uji akaunywa.

Ilikuwa kashfa, bila shaka. Wazee wa kijiji walimwita Ishengoma na kumkalisha chini, wakamuuliza kama amekuwa mnyama. Ma Edissa alikwenda bila kuitwa. Sikuwapo, lakini waliokuwapo waliniletea habari pamoja na nguo zao: alisimama mlangoni akawauliza wazee wanadhani kuna nini kitakacholiwa mwaka kesho ikiwa majembe yanalala kila siku. Wote walikuwa na mashamba yenye magugu. Mwisho wakakubaliana neno moja: kuanzia hapo mwenye msiba aulizwe. Akisema kazi iendelee, iendelee. Akisema watu wanyamaze, wanyamaze. Baadaye nimesikia wasomi wakieleza jinsi mila zetu zilivyobadilika miaka ile. Wanaeleza vizuri. Mimi nilimwona mama mwenye kamba kiunoni akipiga paa la gari.

Gari likakamilika kiangazi kikiwa bado kipo. Tulitoka Kaagya asubuhi, Novati kwenye usukani, Ishengoma kando yake juu ya ndoo iliyogeuzwa, mimi nyuma nimeshikilia mabomba, na kelele ndani ya kile chombo ilikuwa hata ukipiga mayowe husikiki. Kemondo tulisimama kula. Palikuwa na kibanda cha mama mmoja karibu na bandari, wavuvi na wachuuzi wa samaki wa visiwani wamejaa kwenye mabenchi, moshi na harufu ya samaki wa kukaanga, na mtu mmoja akisimulia mambo ya bei mpaka mate yanamtoka. Tulipoingia, wakamwona Novati. Msimuliaji alipunguza sauti. Yule mama akatuletea samaki na ndizi kwenye sahani nzuri mbili, na ya Novati akaileta kwenye sahani ya bati iliyokunjika, na kikombe chake akakiweka kando peke yake juu ya kizingiti cha dirisha. Novati akavuta sahani yake kama vile ndivyo alivyozoea. Nilisogeza sahani yangu pembeni nikaanza kula kwenye ya kwake. Akaniambia kwa Kihaya niache. Ishengoma akanawa upya, akasoma sala fupi ya chakula, naye akatia mkono kwenye sahani ile ya bati. Tulikula pamoja hadi mifupa, samaki alikuwa mtamu, na watu wa visiwani wakatazama ziwa.

Kimwani palikuwa na upepo na vumbi. Madereva waliokuwa wakimfahamu Novati walimsalimia kwa furaha ya kupita kiasi, wakalisifu gari, wakauliza maswali ya kabureta, hakuna aliyeuliza hali. Nilimfunga mikanda mwenyewe. Niliikaza hadi kwenye tundu la mwisho nililotoboa, bado ikalegea, nikavua kanga yangu ya juu nikaikunja nikaiweka kati ya mkanda na kifua chake. Nilisikia mapigo ya moyo wake kwenye kitambaa. "Sasa ninakaa vizuri," akasema. Mzunguko wa kwanza alikwenda polepole akilizoea. Wa pili alipoupita uwanja tulipokuwa tumesimama, injini ilikuwa inalia kwa sauti ambayo Ishengoma hakuwahi kuisikia kutoka kwake, akanishika bega. Gari likatokomea nyuma ya vumbi kwenda kwenye kichuguu. Watu wote walinyamaza wakitega masikio, kwa maana kona ile haionekani vizuri, husikika tu. Tulingoja sauti ishuke. Haikushuka. Ilipita moja kwa moja, juu, ikanyooka, na lile gari jekundu likatokea upande wa pili likiwa limelala kidogo kama mtu anayekimbia kwenye mteremko, likanyooka, na madereva wale wazima wakarusha kofia.

Lakini halikupunguza mwendo. Lilitupita, likakata kuelekea majaruba ya mpunga, kisha injini ikazimika ghafla nalo likaserereka lenyewe mpaka likasimama, magurudumu ya mbele kwenye tope. Tulikimbia. Novati alikuwa ameegemeza kichwa kwenye bomba anacheka bila sauti, mkono wake bado uko kwenye ufunguo. Wenzake wakampigapiga juu ya paa wakimwita mwanaume. Walipokwenda kutafuta kamba ya kutuvuta, akanionyesha mguu wake wa kulia kwa macho. "Usiwaambie," akasema. "Si ushujaa, Koku. Kwenye kichuguu nilitaka kuinua, nikaogopa, nikauamuru mguu. Haukusikia. Umekufa ganzi toka Muleba." Kisha akaongeza, "Gari ndilo lililopita. Mimi nilibebwa." Ishengoma alikuwa amesikia. Alichukua kitambaa akaanza kufuta tope kwenye taa, na nikaona anafuta mahali palepale pasipo na tope. Nikaupakata mguu ule nikausugua, na safari hii hakunizuia. Kurudi aliendesha Ishengoma.

Novati hakuendesha tena. Alilala chumba cha uani ambacho dirisha lake lilitazama gari, na mimi nikahamishia cherehani ukumbini ili aisikie. Aliomba supu ambayo hakuinywa. Aliniuliza mara kwa mara sauti ile ilikuwaje kutoka nje, kwenye kona, nami nikamweleza kila mara upya, na kila mara nikaongeza kidogo. Alifariki asubuhi moja mvua za vuli zilipokuwa zimeanza, nikiwa nimetoka kuchota maji. Kwa hilo nilimkasirikia pia.

Wajomba na baba zake wadogo walikuja kutoka mbali, watu ambao hawakumwona mwaka mzima ule. Walikaa sebuleni wakashika mambo, mazishi, wageni, na mnunuzi wa gari ambaye tayari mmoja wao alikuwa anamjua. Hilo lilikuwa haki yao. Mimi sikuwa mke, sikuwa ndugu, nilikuwa mpangaji wa baraza. Tulimzika na nikarudi kukaa kwenye stuli yangu ya kushonea kwa sababu sikujua pengine pa kukaa. Mvua ilikuwa imeacha. Ardhi ililowa vizuri, na kila mtu kijijini alijua kwamba maharage yasipoingia ardhini siku zile yangekosa mvua, nayo maharage hayangoji mtu. Watu walikuwa wamesimama makundi makundi pembeni ya njia, wakitazama nyumba. Wanangoja kuambiwa.

Ishengoma akatoka kwenye kundi lao. Alipanda ngazi, akapita mlango wa sebule walimokuwa wale wazee wa ukoo bila kugeuza shingo, akaja hadi kwenye cherehani yangu akavua kofia. Siku zote alikuwa akiniita Koku, au binti.

"Ma Koku," akasema, "mwenye msiba anasemaje? Watu wanauliza kama wanaweza kurudi mashambani."

Sebuleni maongezi yakakatika. Niliwatazama wale watu njiani kupitia mlango wa mbele. Ma Edissa alikuwa miongoni mwao, na shamba lake ndilo lililokuwa na magugu kuliko yote. Mwaka mzima nilikuwa nimeuchukia ukimya ule, niliuita mwizi, nilitaka kuukimbia nikagonge mjini. Nikafungua kinywa nimwambie waende, walime, maana ndilo jambo la busara, kisha nikakumbuka swali la Novati siku ile ya sahani iliyopasuka.

"Wanyamaze," nikasema. "Wanyamaze mpaka nitakapowaambia."

Ishengoma akavaa kofia yake, akashuka akawaambia, na watu wa Kaagya wakarudi majumbani mwao wakayaweka majembe chini.